OpenWrt kwenye waifai ya nyumba ya kupanga: usiongeze kifurushi kabla hujaijaribu

Wadau, hii ni rivyu ya OpenWrt, ule mfumo huria wa kuweka kwenye ruta, na naandika kwa ajili ya wale wanaosimamia waifai ya watu wengi, hosteli, nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi, ofisi ndogo, popote ambapo intaneti moja wanagawana watu na kila jioni lazima mtu atoke mlangoni aseme net imeganda. Niseme mapema tu, ni kitu bora kuliko vyote nilivyowahi kuweka kwenye ruta, ni bure, na ubora wake hautokani na ule utitiri wa setingi ambao watu wanausifia sana mitandaoni. Unatokana na jinsi walivyoyafanya matabaka ya mtandao, yaani redio chini, foleni za data katikati na utaratibu wa kutuma data juu, yaongee, yale ambayo kwenye ruta nyingi za kawaida kila moja linafanya lake bila kujua jirani yake kapata shida gani. Hapo ndo ntakaa sana, maana linagusa hela zetu moja kwa moja, watu wanapandisha kifurushi kutoka Mbps 10 kwenda 20 kwenda 50 na kero inabaki palepale.

Mazingira yangu ni nyumba ya kupanga Sinza, hapa Dar, wapangaji tunachangia laini moja ya 4G. Ruta yenye laini ipo dirishani inapokamata mnara vizuri, alafu kuna ruta ya pili koridoni ndo inarusha waifai vyumbani, na hiyo ya pili ndo nimeiwekea OpenWrt. Watumiaji ni mchanganyiko, kuna mwanafunzi anasoma kwa video, kuna dada anauza nguo Instagram kutwa anapakia klipu, kuna vijana wa geimu, na kuna mzee wetu wa chumba cha mwisho kabisa ambaye simu yake ni ya zamani na iko nyuma ya kuta mbili za tofali. Huyo mzee mkumbukeni, nitarudi kwake kwa sababu kero ya nyumba nzima ilikua inapitia chumbani kwake na yeye hana kosa lolote.

Dalili mnazijua. Ukipima spidi unaona namba nzuri, lakini mtu akianza kupakia video au simu ikianza kutuma bakapu, basi simu za WhatsApp zinakatika maneno, ukurasa unazunguka tu, geimu ndo usiseme. Watu wanahitimisha spidi ni ndogo. Mi nakataa, spidi ni kitu kimoja na kuchelewa ni kitu kingine kabisa, na kwenye nyumba yenye watu wengi kinachoua ni kuchelewa.

Tufanye hesabu ndogo. Kwa miaka mingi foleni ya kawaida ya kadi ya mtandao kwenye Linux, mfumo ambao OpenWrt imejengwa juu yake, ilikua inaruhusu paketi 1,000, yaani vipande vya data. Paketi kubwa ya kawaida ina baiti 1,500, kwa hiyo foleni ikijaa ina baiti milioni 1.5, yaani biti milioni 12. Kama laini yako inapandisha Mbps 4 tu, foleni hiyo inahitaji sekunde 3 kuisha. Sekunde 3! Kila neno unalosema kwenye simu linaenda kukaa nyuma ya foleni hiyo, hata liwe dogo kiasi gani. Na foleni haipungui yenyewe kwa sababu TCP, itifaki inayobeba vitu vingi tunavyotuma, tangu kazi ya mtafiti Van Jacobson ya mwaka 1988 imejengwa kuongeza kasi mpaka ione paketi imepotea, kupotea ndo taarifa yake kwamba barabara imejaa. Sasa watengenezaji wa ruta wakaweka bafa kubwa, yaani nafasi ya paketi kusubiri, ili paketi isipotee, wakidhani wanatusaidia, matokeo yake TCP haipati taarifa, inaendelea kusukuma tu. Mhandisi Jim Gettys ndo alilipigia kelele sana jambo hili kuanzia mwaka 2010, na watu walioitikia ndo hao ambao kazi yao leo iko ndani ya OpenWrt.

Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa CoDel, mbinu ya kusimamia foleni. Uzuri wake ni kwamba haihesabu foleni ina paketi ngapi, inapima kila paketi imekaa muda gani kwenye foleni. Kama kukaa kumezidi milisekunde 5 na hali hiyo imeendelea kwa milisekunde 100, inaanza kudondosha paketi moja moja kumpa mtumaji ishara apunguze. Mwaka huohuo mhandisi wa Linux Eric Dumazet akaichanganya na ugawaji wa haki, kila mazungumzo yanapata foleni yake ndogo na yale mepesi, mfano kuuliza anwani ya tovuti au sauti ya simu, yanatangulizwa, na ikaingia Linux 3.5 kwa jina la FQ-CoDel. OpenWrt waliifanya ndo chaguo la kawaida, huna haja ya kubonyeza kitu.

Sasa tunafika nilipopapenda. FQ-CoDel ilivyowekwa mwanzo ilikaa juu, pale kerneli, yaani kiini cha Linux, inapopanga paketi kabla ya kuzikabidhi kwa kadi. Kwenye waya ikafanya kazi vizuri mno. Kwenye waifai haikufua dafu, na sababu ni kwamba waifai tangu kizazi cha 802.11n haipendi kutuma paketi moja moja, inazifunga mafungu, mpaka paketi 64 kwenye fungu moja, kwa sababu kila redio inapotaka kuongea kuna muda unapotea kusubiri hewa iwe wazi na kujitambulisha, ukituma moja moja muda mwingi unaishia kwenye maandalizi. Ili kufunga hayo mafungu dereva wa waifai, yaani programu inayoendesha redio, alikua na foleni zake mwenyewe huko chini, na hizo foleni zilikua zinapokea tu bila kupima chochote. Kwa hiyo CoDel ya juu inaangalia foleni yake, inaona iko karibu tupu, inaona mambo safi, na kumbe mzigo umelundikana chini ambako haina macho. Tabaka la juu lina akili ila halioni, tabaka la chini linaona kila kitu, nani yuko mbali, nani signali yake mbovu, paketi ipi imerudiwa mara ngapi, ila halina akili ya kugawa. Na utaratibu wa kuyatenganisha matabaka ulikua unazuia wasipeane taarifa.

Walioshughulikia hili ni Toke Høiland-Jørgensen wa chuo kikuu cha Karlstad kule Sweden pamoja na Michał Kazior, Dave Täht, Per Hurtig na Anna Brunstrom, kazi yao ilitoka mwaka 2017 kwenye mkutano wa USENIX, chama cha watafiti wa kompyuta. Walichofanya ni kuondoa ile foleni ya juu kabisa kwa upande wa waifai na kuishusha akili yake mpaka kwenye tabaka la waifai lenyewe ndani ya Linux, foleni zikapangwa kwa kila kifaa kilichounganishwa, na kwenye dereva waliyoifanyia kazi wakahakikisha vifaa vya chini vinakabidhiwa mafungu mawili tu kwa wakati, moja linarushwa hewani na jingine linasubiri, basi. Mengine yote yanabaki sehemu ambayo CoDel inayaona. Majaribio yao yalionyesha kuchelewa wakati mtandao umejaa kunashuka karibu mara kumi. Mimi sina maabara ila naweza kusema kwa uhakika ninachokiona koridoni kwetu, yule dada akipakia klipu zake mwanafunzi haachi kipindi chake, na hilo zamani halikuwezekana kabisa.

Turudi kwa mzee wetu. Waifai kwa asili yake inagawa zamu sawa, haigawi muda sawa. Kila kifaa kinapata nafasi sawa ya kutuma, sasa angalia kinachotokea: simu iliyo karibu inatuma kwa Mbps 300, paketi ya baiti 1,500 inachukua milisekunde 0.04 hewani. Simu ya mzee nyuma ya kuta mbili imeshuka mpaka Mbps 6, paketi ileile inachukua milisekunde 2, mara hamsini zaidi, hapo sijaweka maandalizi wala kurudia. Ni kama kikao ambacho kila mtu anapewa kipaza sauti aseme sentensi moja, mmoja anasema kwa pumzi moja na mwingine sentensi yake ni robo saa, zamu ni sawa lakini kikao kizima kinaenda kwa mwendo wa yule wa robo saa. Martin Heusse na wenzake wa Grenoble, Ufaransa, walilionyesha hili kwa hesabu tangu mwaka 2003, kwamba kifaa kimoja cha polepole kinawashusha wote wakawa karibu sawa na yeye. Mwaka 2003! Na mpaka leo unauziwa ruta mpya ambayo haijalishughulikia.

Kwenye OpenWrt yenye dereva inayokubali, ruta inahesabu muda wa hewani wa kila kifaa, sio paketi, alafu inagawa muda. Mzee anapata sehemu yake kamili ya muda, WhatsApp yake inaenda, anasikiliza taarifa ya habari, ila hawezi tena kula muda wa wengine bila kujua. Na nataka mlielewe hili vizuri maana nimeona watu wakitatua kwa kumkatia waifai mtu wa mbali au kumwekea kikomo cha spidi. Kikomo cha Mbps hakisaidii hapa, kwa sababu Mbps 1 ya mtu wa karibu na Mbps 1 ya mtu wa mbali zina gharama tofauti kabisa hewani. Taarifa ya gharama hiyo iko tabaka la chini, na uamuzi wa haki unafanyika tabaka la juu yake, bila hizo mbili kukutana hakuna haki inayowezekana, utakua unamwonea mtu tu.

Kuna jingine dogo ambalo kwangu ndo linaonyesha hawa watu wanajua wanachofanya. Nimesema CoDel inavumilia milisekunde 5. Sasa kwa kifaa cha polepole sana milisekunde 5 hazitoshi hata kurusha paketi chache, CoDel ingekua inadondosha paketi zake bila sababu. Kwa hiyo sehemu ya waifai inayochagua kasi ya redio inapeleka taarifa kwa CoDel, kasi ya kifaa hiki imeshuka mno, na CoDel kwa kifaa hicho pekee inalegeza mpaka milisekunde 50 na 300, wakati kawaida upande wa waifai wa Linux ni 20 na 100. Namba mbili zinabadilika, kwa mtu mmoja, kwa muda anaouhitaji. Akisogea karibu zinarudi. Hakuna mtu anayeiona hiyo kazi, hakuna setingi yake, lakini ndo sababu mzee hakatikiwi.

Kuna chipu ambazo programu yao ya ndani imefungwa na inaficha foleni zake humo, kerneli haiwezi kuingia kuona. Kwa hizo Linux wana mbinu nyingine, inakadiria paketi zilizokabidhiwa chini zitachukua muda gani hewani, zikifika kikomo inaacha kukabidhi. Kikomo cha kawaida ni kati ya milisekunde 5 na 12 kwa kifaa kimoja. Kwa kweli hii nimeipenda kwa sababu ruta nyingi zinazopatikana madukani kwetu zina chipu za namna hiyo, bila hii tungeachwa nyuma.

Sasa mtu atasema, kama kuunganisha matabaka ni kuzuri hivi, si tuunganishe yote tu kila kitu kiongee na kila kitu? Hapana, na hapa nitatetea watengenezaji wa OpenWrt kwa nguvu. Mwaka 2005 watafiti Vikas Kawadia na P. R. Kumar waliandika onyo kuhusu hii mitindo ya kuvuka matabaka, na mfano wao mmoja unaeleweka na yeyote. Chukua tabaka la redio lenye akili, linapandisha kasi kama anayepokea yuko karibu na kuishusha akiwa mbali. Juu yake weka tabaka la njia linalotafuta njia yenye vituo vichache. Kila moja peke yake ni zuri. Ukiyaweka pamoja, tabaka la njia linachagua miruko mirefu ili vituo viwe vichache, miruko mirefu inalazimisha redio ishuke kasi ya chini kabisa, na mtandao mzima unakua wa polepole kuliko ule wa kawaida usio na akili yoyote. Marekebisho mawili mazuri yakazaa kitu kibovu kwa sababu yalikutana bila mtu kufikiria yatakutanaje.

Nikiangalia ruta nyingi za bei kubwa naona kosa la aina hiyo. Kuna kitufe cha kuipa geimu kipaumbele, kitufe cha video, kitufe cha kuongeza kasi, kila kimoja kimeandikwa na timu yake, vinavutana. OpenWrt wamechagua njia ya kiasi, taarifa chache sana zinavuka matabaka, muda wa hewani, kasi ya kifaa, muda wa paketi kwenye foleni, na kila moja ina kazi moja inayoeleweka. Hata walipoona ile tabia ya TCP ya Linux ya kujizuia isijaze foleni za chini inagongana na mafungu ya waifai, kwamba TCP inaleta paketi kidogo kidogo na waifai inakosa za kutosha kufunga fungu zuri, hawakuivunja, waliweka njia ya tabaka la waifai kuiambia TCP ilete paketi nyingi kidogo kuliko kawaida. Hilo kwangu ni uungwana wa uhandisi na nalithamini sana.

Upande wa laini ya 4G sasa, maana wengi wetu hatuna faiba. Mnara wenyewe tayari unafanya kazi ya kuvuka matabaka, simu au ruta yako inautumia taarifa ya ubora wa signali kwa namba kuanzia 0 mpaka 15, na mnara kila milisekunde 1 unaamua nani apewe nafasi kwa kuangalia ubora huo pamoja na alichopata tayari. Ndo maana spidi yako inapanda na kushuka ndani ya sekunde. Shida ni kwamba huo ujuzi wote unaishia mnarani na kwenye modemu, ruta yako ya koridoni haijui, na bafa za huko ni kubwa kwelikweli. Dawa yake OpenWrt ni kifurushi cha programu kinaitwa SQM, cha kusimamia foleni ya laini, ndani yake unachagua CAKE, mbinu ya kugawa foleni, kazi iliyoongozwa na Jonathan Morton ambayo iliingia Linux 4.19 mwaka 2018. Unaiambia laini yangu ina Mbps kadhaa, unaweka kama asilimia 85 mpaka 95 ya ile halisi, na hapo foleni inahama kutoka kwenye modemu ambako huna mamlaka inakuja kwako ambako CAKE inaweza kuigawa kwa haki kwa kila kifaa ndani ya nyumba, sio kwa kila muunganisho, kwa hiyo mwenye programu inayofungua miunganisho mingi ya kupakua hapati zaidi ya mwenzake.

Kwa faiba hiyo inatosha na utasahau kabisa. Kwa 4G haitoshi, kwa sababu asilimia 90 ya nini? Saa nne asubuhi laini yetu ni nzuri, saa mbili usiku mtaa mzima uko hewani ni laini nyingine. Ukiweka namba ndogo unatupa spidi uliyolipia mchana, ukiweka kubwa usiku foleni inarudi modemuni. Hapa inaingia skripti ya cake-autorate, hii naipa nyota zote, inapiga ping, yaani ujumbe mdogo wa kupima muda wa kwenda na kurudi, kwa seva kadhaa muda wote, ikiona kuchelewa kumepanda wakati kuna mzigo inaishusha namba ya CAKE, hali ikitulia inaipandisha taratibu. Haioni ndani ya mnara ila inausoma kwa dalili zake. Ushauri wangu weka kiwango cha chini ambacho hata usiku mbaya simu ya sauti itapita, alafu iachie yenyewe. Na upande wa kupandisha washa ile ya kuchuja majibu ya TCP, yale ya kuthibitisha paketi zimefika, CAKE inayo ndani, maana kupandisha kwa 4G ni kwembamba na majibu yakikwama hata kupakua kunasimama.

Mapungufu yapo na ni ya kweli. Kuiweka kunataka usome. Lazima uangalie jedwali la vifaa kwenye tovuti yao, na uangalie mpaka namba ya toleo iliyoko kwenye stika ya chini, ruta mbili za jina moja na boksi moja zinaweza kuwa na chipu tofauti kabisa ndani, moja inakubali nyingine inakufa. Ukienda Kariakoo mwambie muuzaji akufungulie boksi uone stika kabla hujalipa, akikataa nenda duka la pembeni. Ruta zenye redio za Broadcom achana nazo, hazina dereva huria ya maana. Ruta zenye hifadhi ya MB 4 na RAM ya MB 32, zile za bei poa kabisa, wenyewe OpenWrt wanaonya usinunue, hata zile za MB 8 na MB 64 ni finyu kwa matoleo ya sasa, na mimi nasema tafuta MB 16 na 128 ulale vizuri.

Jambo la prosesa pia lifahamike. CAKE inafanya kazi kwa prosesa, ile njia ya mkato ambayo ruta zinatumia kupitisha data bila kuihangaisha prosesa haipatani na SQM, lazima uchague moja. Kwa laini ya 4G ya Mbps 30 au 40 hata ruta ya zamani inatosha. Ukiwa na faiba ya Mbps mia kadhaa ndo unahitaji prosesa ya kisasa. Hakuna huduma kwa wateja ya kupiga simu, hakuna aplikesheni nzuri ya simu, ukurasa wake wa setingi umejaa istilahi ambazo mtu wa kawaida zinamtisha, kwa hiyo kama nyumbani kwenu hamna mtu mwenye moyo wa kusoma, tafuteni kijana wa mtaani anayejua mlipeni aweke, sio kazi ya siku nzima.

Na kuna vitu OpenWrt haitavitibu hata ukiiwekea kila programu ya ziada. Kama redio za jirani zimejaa kwenye chaneli yako ya 2.4 GHz, hamna foleni ya kukuokoa, hamia 5 GHz kwa wanaoweza na ile 2.4 iache upana wa 20 MHz kwenye chaneli ya 1, 6 au 11. Kama signali ya mnara ni mbovu, tafuta antena au hamisha ruta. Nyumba yenye kuta nene inahitaji kituo cha pili kilichovutwa kwa waya, kwa mzee wetu hiyo ndo hatua inayofuata tukichanga, kwa sababu muda wake wa hewani sasa ni wa haki ila bado ni muda wa Mbps 6.

Kifaa gani ununue? Mtumba wa TP-Link Archer C7 toleo la 2 au la 5 bado ni chaguo zuri kwa laini za 4G, redio zake ni za Atheros ambazo ndo familia kazi hii ilianzia, na ina zile MB 16 na 128. Ukitaka kipya angalia vyenye redio za MediaTek, dereva yao ya mt76 ni huria na inakubali ugawaji wa muda wa hewani. Na kama una ndugu anakuja kutoka nje, OpenWrt wenyewe kwa kushirikiana na Software Freedom Conservancy, shirika linalotetea programu huria, walitoa ruta yao mwisho wa mwaka 2024, inaitwa OpenWrt One, ilipotoka ilikua dola 89 ikiwa na kasha lake, RAM ya GB 1, waifai 6, mlango mmoja wa waya wa Gbps 2.5 na mmoja wa Gbps 1, na ina swichi ya kuifufua hata ukiharibu programu yote. Milango ya waya ni michache, ukiwa na vifaa vingi vya waya utanunua swichi ndogo pembeni. Ila kwa kazi tunayoongelea hapa iko vizuri sana.

Nyota tano, na ya tano ni kwa ajili ya ugawaji wa muda wa hewani. Kabla hujagusa ruta yako fanya kipimo hiki usiku watu wakiwa wengi: kwenye laptopu anzisha ping ya seva yoyote iache iende, alafu kwenye simu anza kupakia video kubwa, angalia zile milisekunde zinapanda mpaka ngapi. Zikibaki kwenye makumi, tatizo lako ni lingine. Zikiruka mia nyingi au kufika elfu, andika namba hiyo pembeni, weka OpenWrt na SQM, rudia kipimo saa ileile, na mkikwama kwenye toleo la stika niwekeeni picha yake kwenye komenti nitaangalia kama inakubali.